Shemeji ananiwekea oili nzito kwenye Golf, nifanyeje?

Shikamoo Mjomba Spana,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe, mama wa watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilinunua Volkswagen Golf ya 2011, ya petroli, injini TSI 1.4, iliyotoka Japani. Niliipokea Dar ikiwa na kilomita 78,000 na kuja nayo mwenyewe hadi nyumbani. Gari zuri, Mjomba. Lilipanda Kitonga na mizigo yangu yote bila kuhema, nikajiona nimepata.

Shida yangu ni oili. Fundi wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana gereji ndogo na watu wanamheshimu, maana nusu ya Land Rover na Hiace za mji huu zimepita mikononi mwake zikapona. Mara ya kwanza kumwaga oili aliniwekea 20W-50, galoni ya lita 4 anayoinunua elfu arobaini na tano. Akafunga na filta mpya ya elfu ishirini, akabandika stika kwenye kioo: rudi baada ya kilomita 3,000. Tumeshamwaga mara tatu kwa mtindo huo.

Tangu baridi ya Juni ianze, nikiwasha gari alfajiri injini inatoa mlio, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa ya unga. Unadumu sekunde mbili au tatu, halafu unanyamaza kabisa. Mchana siusikii. Nilipomwambia shemeji akasema hiyo ndiyo kawaida ya magari ya Ulaya, na kama nina wasiwasi basi tuongeze uzito wa oili. Maneno yake ni haya: "Hizi gari zimetengenezwa kwa nchi za barafu. Huku kwetu Afrika ni joto, ukiweka oili nyepesi inakuwa maji."

Mwalimu mwenzangu wa fizikia ana BMW ya petroli. Yeye ananiambia nitafute fuli sinthetiki 5W-30. Nikaenda duka la spea. Muuzaji akanipangia galoni nne mezani, 0W-20, 5W-30, 5W-40 na 10W-40. Zote zimeandikwa sinthetiki, zote zina picha ya gari linalong'aa, bei kuanzia elfu themanini hadi laki mbili. Ile 5W-40 ilikuwa laki moja na arobaini. Nikauliza ipi ni ya Golf. Akanijibu, "Mama, zote ni za magari ya Ulaya, wewe chukua." Nikatoka mikono mitupu.

Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani. Nakutumia picha ya ukurasa wenye kamchoro ka kopo la oili, huo tu ndio niliouelewa.

Naomba unisaidie. Niweke oili ipi? Hii 20W-50 imeshaniharibia injini? Kweli kwa mshahara wa mwalimu nilipe mara tatu ya bei ninayolipa sasa? Na shemeji nitamwambiaje asione najifanya fundi kuliko yeye? Mume wangu amesema hilo la mwisho haliingilii.

Mama Golf, Njombe

*

Marahaba mpwa wangu, na poleni na baridi. Njombe naijua. Kuna asubuhi za Julai unatoka nje unakuta nyasi zimekuwa nyeupe, halafu mtu anakwambia oili iwe nzito kwa ajili ya joto!

Nianze na picha yako, maana jibu umeniletea mwenyewe bila kujua. Chini ya kale kamchoro, katikati ya maandishi ya Kijapani, kuna sehemu imeandikwa VW 502 00, na mbele yake kidogo VW 504 00. Mengine yote sikuyaelewa kama wewe usivyoyaelewa, ila tarakimu hizo Mjapani hakuzigusa. Hizo ndizo jina la oili ya gari lako. 5W-30 na sinthetiki ni sifa zake tu.

Dukani kila galoni ilikuwa imekuangalia kwa mbele. Ungezigeuza. Mbele kunakaa vitu viwili vya kuvutia macho: neno sinthetiki na namba ya uzito. Hilo neno lisikubabaishe. Zamani lilimaanisha oili iliyoundwa kiwandani kwa kuunganisha kemikali, tofauti na ile inayochujwa moja kwa moja kutoka mafuta ghafi. Halafu wengine wakaanza kuchukua mafuta ghafi, wakayasafisha mno kwa hidrojeni, wakayaita nayo sinthetiki. Mwaka 1999 kule Marekani Mobil waliwashitaki Castrol kwa chombo kinachosimamia maadili ya matangazo, wakidai huko ni kudanganya wateja. Chombo kikaona Castrol hawana kosa. Ndiyo maana leo galoni mbili zenye neno lilelile zinaweza kuwa zimetoka njia tofauti kabisa na bei zao zikapishana mara mbili. Zote mbili zaweza kuwa nzuri. Ila neno lenyewe halikwambii kama oili hiyo imewahi kujaribiwa ndani ya injini ya aina yako.

Kinachokwambia hivyo ni ile namba ya VW iliyoko nyuma, kwa maandishi madogo. Kila kampuni kubwa ya Ulaya ina mitihani yake. Inaendesha injini zake kwa oili husika, kisha inafungua na kuangalia: cheni na kemu zimelika kiasi gani, pistoni zimeshika masizi, kuna tope, sili za mpira zimevimba au zimekakamaa. Oili ikifaulu inapewa namba. Kwa VW ya petroli ya umri wa gari lako ni 502 00, mara nyingine imeandikwa 502.00, ni ileile. Kwa Mercedes utaona 229.5 au 229.51, kwa BMW Longlife-01 au Longlife-04, na Renault na Peugeot nao wana zao.

Halafu soma neno lililotangulia hiyo namba. Ukiona Approval, au Freigabe kwa Kijerumani, maana yake oili ilipelekwa kwa VW wenyewe na wakaipa kibali. Ikiandikwa tu kwamba inafaa kwa 502 00, au inakidhi, hiyo ni kauli ya mwenye oili. Inaweza kuwa kweli. Lakini wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya mtihani uliosahihishwa na mwalimu na ule ambao mtoto amejisahihishia mwenyewe.

Sasa hoja ya shemeji ya joto, na hapa nitakaa kidogo maana imetawala gereji zote kuanzia Tunduma hadi Tanga. Shemeji hajabuni jambo. Oili kweli inakuwa nyepesi ikipata joto. Anachosahau ni kwamba oili haiishi nje, inaishi ndani ya injini, na injini ina themostati. Maji ya kupozea yanashikiliwa kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Dar saa nane mchana, uwe Njombe, uwe Ujerumani kwenye theluji. Injini ikishapata moto wake haijui kama nje ni Afrika.

Zile namba mbili zinasema hivi. Ya pili, 40 au 50, ni uzito wa oili kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 5W lazima iweze kuvutwa na pampu hata kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, ile ya 20W inatakiwa kuweza hivyo hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Utasema Njombe hakuna baridi ya namna hiyo, na ni kweli. Lakini oili haigandi ghafla kama maji, inazidi kuwa nzito kidogo kidogo kadiri inavyopoa. Ukizipima kwenye nyuzi 40 tu, joto la mchana wa jangwani, 20W-50 ya kawaida huwa na uzito wa karibu mara mbili ya 5W-40. Shuka hadi nyuzi 5 za alfajiri yako, tofauti inakua zaidi. Injini ikipata moto zinasogeleana tena. Kwa hiyo 20W-50 haikupi faida kubwa mchana, na asubuhi inakutesa.

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa mbili za maji, zile ndogo za plastiki. Moja tia kidogo 20W-50 ya shemeji, nyingine tia kiasi kilekile cha 5W-40 utakayonunua. Zifunge, uziache nje usiku kucha. Alfajiri zipindue zote mbili kwa pamoja. Moja itateremka, nyingine itajivuta kama asali ya Tabora iliyolala kabatini. Hiyo inayojivuta ndiyo pampu ya Golf yako inahangaika nayo saa kumi na mbili kasoro, wakati wewe unawahi zamu.

Na hapo ndipo mlio wako ulipo, mpwa wangu. Injini yako ni ya familia wanayoiita EA111, na inatumia cheni ya taimingi, ile inayowianisha mwendo wa valvu na pistoni. Cheni hiyo inakazwa na kidude mafundi wanakiita tenshena, na tenshena inasukumwa na nguvu ya oili. Ukiwasha kabla oili haijafika, cheni inakuwa imelegea, inapiga kelele. Oili ikifika inakaza, kimya. Sekunde zako mbili tatu ndizo hizo. Tena injini hizi zina sifa ya cheni kurefuka, hata VW walipoleta injini iliyofuata kwenye Golf 7 walirudi kwenye mkanda. Kwa hiyo aliyekwambia ni kawaida amesema nusu. Ni jambo linalotokea sana, lakini si la kuliacha.

Kuna mtuhumiwa mwingine, naye ni filta. Kwenye injini yako filta imesimama juu, unaifikia ukifungua boneti tu, na mdomo wake unaangalia chini. Gari likilala, oili inataka kurudi chini yote. Filta sahihi ina valvu ya kuizuia isirudi. Filta ya bei poa inaweza kufungika vizuri kabisa na isiwe na valvu ya maana, kila asubuhi ikawa tupu. Elfu ishirini si lazima iwe mbaya, lakini muulize muuzaji aitafute kwa namba ya injini, siyo kwa kuikodolea macho na kusema inafanana.

Na swali ambalo hukuniuliza: ile galoni ya lita 4 huwa inamiminwa yote? Golf yako inachukua lita 3.6 pamoja na filta. Ikiingia yote umezidisha karibu nusu lita, na oili iliyozidi inaweza kupigwapigwa na krenki inayozunguka ndani ya injini ikatoa povu. Povu halikazi tenshena. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa juu ya alama ya juu, ndugu yangu, tumeshapata jambo la kuanzia.

Turudi dukani, kwenye zile galoni nne. 0W-20 iache hapo hapo. Ni ya injini mpya zaidi, kwa VW namba yake ni 508 00, na haiwekwi kwenye gari la 2011 hata kama ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. 10W-40 mara nyingi ni nusu sinthetiki ya magari ya zamani kidogo. Kuliko 20W-50 ni afadhali, lakini kwa nini uishie njiani. 5W-30 inategemea. Ziko 5W-30 zilizotengenezwa kwa injini za Kijapani na Kimarekani, nyepesi zikipata moto mkali, hizo siyo zako. Ikiwa nyuma imeandikwa VW 504 00, hiyo inakubalika, kitabu chako kimesema. Lakini ningekuwa mimi ningechukua 5W-40 yenye kibali cha VW 502 00. Pembeni yake utaona pia A3/B4, hicho ni kipimo cha ACEA, chama cha watengeneza magari wa Ulaya chenye makao Brussels. Ukikosa kabisa galoni yenye namba ya VW, A3/B4 ndiyo usishuke chini yake.

Kwa nini 502 wakati 504 ndiyo ya kisasa? Kwa sababu ya sheli zetu. 504 00 ilibuniwa kwa Ulaya, ambako mtu anaweza kwenda hadi kilomita 30,000 bila kumwaga, na magari yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Ili lile chujio lisizibe, wakapunguza kwenye oili viungo vinavyoacha majivu. Sasa baadhi ya viungo hivyohivyo ndivyo vinavyoua asidi, na asidi inaletwa na salfa iliyoko kwenye mafuta. Ulaya tangu 2009 petroli na dizeli zao haziruhusiwi kuzidi salfa sehemu 10 kwa milioni. Kwetu Afrika Mashariki tulipiga hatua kubwa mwaka 2015 kuishusha dizeli hadi 50, lakini 50 siyo 10. Kwa gari la petroli lisilo na chujio hilo, oili yenye akiba kubwa ya kuua asidi inakufaa zaidi. BMW wao wameliweka wazi kabisa: Longlife-04 kwenye injini ya petroli ni kwa nchi za Ulaya, kwingine wanataka Longlife-01. Mfikishie mwenzako wa fizikia salamu hizo, ageuze galoni yake aone amekuwa akiweka nini.

Wenye dizeli zenye chujio la masizi wasijichukulie ushauri huu wa petroli. Kwao ni 507 00 kwa VW, au Longlife-04, au 229.51, na oili isiyo na namba hizo italiziba chujio ambalo bei yake inaweza kukulaza hospitali.

Bei. Umeniuliza kama ulipe mara tatu, nami nikachukua karatasi. Shemeji anamwaga kila kilomita 3,000. Katika kilomita 15,000 hiyo ni mara tano: oili 45,000 na filta 20,000, jumla 65,000, mara tano ni 325,000. Oili ya 502 00 kwenye hali zetu za vumbi na safari fupi mimi naimwaga kila kilomita 7,500, ingawa VW kwa ratiba ya kawaida wanakubali 15,000 au mwaka mmoja. Hiyo ni mara mbili: 140,000 na 20,000, jumla 160,000, mara mbili ni 320,000. Umeokoa elfu tano na siku tatu za kukaa gereji. Na kwenye kila galoni inabaki lita 0.4 ya kuongezea katikati, maana injini hizi hunywa oili kidogo, VW wenyewe huhesabu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa ya kuvumilika. Ila mara hii ya kwanza usisubiri 7,500. Oili mpya ina sabuni nzuri, itaosha uchafu ulioachwa, basi mwaga kwenye 3,000 kisha uendelee na mwendo mpya.

Na mwaka usipite hata kama kilomita hazijafika. Kutoka nyumbani hadi shule na kurudi, injini haijapata moto vizuri umeshaizima, hapo petroli na unyevu vinaingia kwenye oili.

Injini yako imeharibika? Sidhani. Kilomita 9,000 za 20W-50, zikimwagwa kwa wakati kama alivyofanya shemeji, haziui injini. Amekutunza kwa njia anayoijua, na kuna watu wana oili ya bei mbaya wanayoisahau miaka miwili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hao ndio ninaowaogopea. Mwageni hiyo iliyopo injini ikiwa na moto, iacheni idondoke mpaka tone la mwisho. Halafu, tafadhali sana, asisuuze kwa dizeli. Najua wengi wanafanya, nimeshafanya nikiwa kijana na nikajuta. Tope linabanduka kwa mkupuo, linakwenda kuziba kile kichujio cha wavu kinachovuta oili chini ya sampu, na dizeli inayobaki inaipunguza nguvu oili uliyoinunua laki moja na arobaini. Bolti ya kumwagia oili VW wanataka iwe mpya kila mara; ni kitu kidogo, nunua mbili uweke moja akiba. Oili ya gia boksi ni habari nyingine kabisa, isiguswe siku hiyo.

Ukiwa safarini oili ikapungua, na hapo Makambako hakuna yenye namba zako, ongeza yoyote ya injini ya petroli iliyo karibu. Zinachanganyika. Kuendesha na oili pungufu ni kubaya kuliko kuchanganya.

Sasa wezi. Galoni za bei hii zinaigizwa. Sinunui oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, sinunui galoni ambayo pete ya kifuniko imeshakatika, na nikikuta 5W-40 ya jina kubwa inauzwa bei ya 20W-50 natoka dukani bila kuaga. Angalia tarehe na namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa. Ikiwa imefutwafutwa au haipo, iache. Dai risiti, ndiyo itakayokusaidia ukihitaji kwenda FCC, yaani Tume ya Ushindani, au TBS, Shirika la Viwango. Na ukimaliza kumimina, toboa galoni kwa bisibisi hapo hapo gereji. Kuna watu wanapita wakinunua makopo matupu ya oili za Ulaya, na sidhani wanayapanda maua.

Nimefika kwa shemeji, ambako najua ndiko kunakokukosesha usingizi kuliko cheni. Usiende na jina langu. Ukisema "nimesoma kwa Mjomba Spana" umeshamgombanisha na mtu asiyemjua. Usiende na neno umekosea pia. Yeye amejifunza kwenye Land Rover na Hiace, injini zenye nafasi pana kati ya vyuma, nyingi hazina turbo, na kwenye hizo 20W-50 au 15W-40 ilikuwa oili halali. Ya kwako ina turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na vijia vyembamba vya oili. Ni mnyama mwingine, na hakuna aliyempa shemeji semina ya mnyama huyo.

Mimi ningefanya hivi. Ningenunua galoni, filta na bolti, ningevipeleka mkononi na kile kitabu cha Kijapani, nikamwambia: "Shemeji, nimeona kwenye kitabu wameandika hizi namba, hebu nisaidie kuangalia kama nimenunua sawa." Mkabidhi galoni aigeuze mwenyewe, azitafute namba mwenyewe. Zile chupa mbili ziwe kwenye kiti cha mbele, siku iwe Jumamosi asubuhi na mapema kabla jua halijazigusa. Usizitaje. Fundi akiona chupa za oili atauliza tu, na akishazipindua kwa mkono wake huna haja ya kusema neno. Halafu mlipe pesa ya ufundi kamili, na ya chai juu yake, maana faida ya kukuuzia oili umemnyima.

Mwambie pia aandike kwenye stika 5W-40, VW 502 00, lita 3.6. Siku wewe hupo, mume wako akipeleka gari, stika itajisemea.

Baada ya hapo sikiliza. Mpe asubuhi tano. Mlio ukiisha, umepona. Ukipungua ukabaki kidogo, au ukirudi na taa ya injini ikawaka, hilo siyo tena la oili. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupima VW, hata kama ni Iringa au Mbeya, apime kama taimingi imesogea. Cheni ikilegea mno inaruka jino, na kwenye injini hii ikiruka valvu zinakutana na pistoni. Hapo hatutazungumzia laki moja na arobaini.

Niandikie asubuhi ya sita. Na picha ya mgongo wa galoni nitumie kabla hujalipa, si baada.

Mjomba Spana